Kumbukumbu ya Flashi, Sehemu ya Tatu: Data Inayofika Kabla ya Kuitwa

Makobola, kandokando ya Ziwa Tanganyika kwenye barabara ya Uvira kwenda Baraka, ukitaka nyimbo mpya unampelekea kijana wa kuchaji simu kadi yako ya memori. Anaichomeka kwenye kompyuta iliyounganishwa na sola, anafuta zile zilizokuchosha, anakutilia nyingine. Kadi hiyo inatutosha kwa somo la leo. Wimbo unapolia, ndani yake kuna kazi ileile inayofanyika katika diski kubwa za flashi za mabenki: kuchota data kabla haijaombwa, kuipa nafasi katika bafa, na kuamua iondoke lini.

Hesabu kwanza. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 128 hula kilobaiti 16 kila sekunde. Flashi nayo husomwa ukurasa kwa ukurasa, na katika chipu nyingi za siku hizi ukurasa mmoja una kilobaiti 16. Basi ukurasa ni kama sekunde moja ya muziki. Lakini simu huhesabu kwa sekta za baiti 512, na ukurasa mmoja unabeba sekta 32. Kidhibiti cha kadi kikitoa sekta ya kwanza na kuzitupa zilizobaki, kitalazimika kuusoma ukurasa uleule mara 32. Kwa hiyo zile 31 huwekwa kwenye bafa, yaani RAM ndogo iliyomo ndani ya kidhibiti. Kuchota ukurasa kutoka kwenye seli huchukua makumi ya mikrosekunde. Kuifikia data iliyokwisha kuwa kwenye RAM ni suala la nanosekunde.

Hapo hakuna ubashiri bado. Ubashiri unaanza kidhibiti kinapoona maombi yanafuatana, ukurasa wa kumi, wa kumi na moja, wa kumi na mbili, kikaanza kuchota ukurasa wa kumi na tatu huku wa kumi na mbili ukiwa njiani kwenda kwenye simu. Kikipatia, simu haingoji. Kikikosea, kimepoteza umeme, kimejaza bafa kwa data isiyo na mwenyewe, na kimeziongezea usumbufu seli za jirani, maana flashi inayosomwa mno hupotosha polepole chaji za kurasa zilizo karibu.

Tatizo la kadi za Makobola linaanzia pale kwenye kufuta na kutia. Kadi ya gigabaiti 8 kwa kawaida hugawanywa vipande vya kilobaiti 32, sekunde mbili za wimbo. Nyimbo fupi zikifutwa na ndefu zikatiwa, mpya hujibana kwenye mapengo: kipande hapa, kingine mbali kule. Kadi haijui wimbo ni nini. Inaona anwani tu, na anwani zinaruka. Simu ndiyo yenye jedwali la mafaili, na inajua kipande kinachofuata kiko wapi. Linux, ambayo ndiyo moyo wa Android, husoma mapema kwa kutumia elimu hiyo: huanza na kiasi kidogo, huongeza kadiri usomaji unavyofuatana, na kikomo chake cha kawaida ni kilobaiti 128, kama sekunde nane za muziki. Kwa maoni yangu kubashiri ni kazi ya simu, na kadi iwe na kiasi: imalizie ukurasa uliokwisha kuchotwa, iongeze mmoja mbele, basi.

Sasa bafa imejaa, nani atoke? Kanuni iliyozoeleka ni kumtoa aliyekaa muda mrefu zaidi bila kutumiwa. Kwa data iliyosomwa mapema kanuni hiyo inakwenda kinyume. Sekunde ya wimbo iliyokwisha kulia ndiyo iliyotumiwa karibuni kabisa, na ndiyo isiyohitajika tena. Ile iliyoletwa mapema haijaguswa hata mara moja, na ndiyo itakayoombwa punde. Ukiitoa hiyo, utaichota tena mara ya pili, na faida yote imekwisha. László Bélády wa IBM alionyesha mwaka 1966 kwamba uamuzi bora ni kumtoa yule atakayehitajika mbali zaidi katika siku zijazo. Kwa kawaida hatuyajui yajayo, lakini wimbo unaochezwa mfululizo unatuambia. Kwa hiyo kidhibiti kizuri hukitia alama kila kilicholetwa mapema: kikishasomwa, kinakuwa cha kwanza kutoka; kikikaa mno bila kuombwa, ubashiri ulikuwa mbaya, kitoke pia, na uchotaji upunguzwe.

Na simu ikiandika data mpya kwenye anwani ambayo nakala yake imo ndani ya bafa? Nakala ya zamani ifutwe papo hapo, la sivyo msomaji atapewa ya jana.

Kuna jambo moja linaloipa data iliyosomwa mapema hadhi ya chini kuliko nyingine zote ndani ya bafa: ni nakala tu. Asili yake iko salama kwenye flashi. Picha uliyopiga sasa hivi, inayosubiri kuandikwa, haina nakala kwingine. Diski za seva hubeba kapasita, baadhi zikiwa za tantalamu, chuma kinachotokana na koltani kama ile ya Rubaya huko Masisi. Umeme ukikatika, kapasita hizo hutoa milisekunde chache za nguvu, na kidhibiti huzitumia zote kuandika kilichokuwa kikingoja, bila kushughulika na kilichosomwa mapema. Kadi ya memori ya Makobola haina akiba hiyo. Ukiichomoa wimbo ukiendelea, wimbo unabaki mzima. Ukiichomoa picha inapoandikwa, picha hiyo inaweza kupotea, na pengine jedwali la mafaili likaharibika pamoja nayo. Jinsi ya kuliokoa jedwali hilo tutaeleza wiki ijayo.