Vyombo vya Watoto wa Kiingereza (2): Tusiidharau Sahani Iliyokwaruzwa

Sehemu ya kwanza ilieleza vilikotoka vyombo hivi: kwa wingi ni Staffordshire, katika miji sita iliyounganishwa mwaka 1910 kuwa Stoke-on-Trent. Leo tulikabili swali ambalo wakusanyaji hulijibu upesi mno. Ipi ina thamani zaidi, sahani ya mtoto iliyobaki kama ilivyotoka tanurini, au ile iliyochakazwa na kijiko? Mnadani hushinda ya kwanza, na chenye ufa hakipandi bei. Nashikilia kwamba kwa vyombo vya aina hii kipimo hicho kinapotosha. Sahani ya ukutani ilitengenezwa itazamwe, lakini bakuli lenye picha ya Humpty Dumpty wa wimbo wa kitoto lilitengenezwa litiliwe uji, na mtoto aione picha uji unapokwisha. Kilichobaki safi kabisa, aghalabu, ni kile ambacho mtoto hakuachiwa. Anayekusanya visafi pekee anahifadhi historia ya makabati ya wazazi.

Na upande wa wazazi tayari una mashahidi tele. Vyombo vya nusu ya kwanza ya karne ya 19 vimejaa mawaidha: maneno ya Benjamin Franklin juu ya bidii na kuweka akiba, tenzi za dini za Isaac Watts, alfabeti zilizofinyangwa ukingoni. Baadaye nyimbo za kitoto na michezo zikatamalaki, hata watengenezaji wa vyombo Shelley wakamwajiri mchoraji Mabel Lucie Attwell mwaka 1926, na Royal Doulton wakatoa sungura wa Bunnykins, waliochorwa na mtawa Barbara Vernon, mwaka 1934. Mabadiliko hayo ni makubwa, nami nayapenda, ila yanatuonyesha tu mtu mzima alitaka mtoto awe nani. Kama mtoto alikipokea chombo, akakilia kila siku, hilo limeandikwa na kijiko.

Atasema mtu kwamba mkwaruzo ni mkwaruzo, hauna jina la aliyeuacha. Hoja hiyo ina uzito, lakini chombo hukaguliwa. Sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine huachiana alama za mviringo, kwa kuwa kitako cha ya juu husugua ya chini. Kijiko huacha mistari mifupi inayopishana, mingi ikiwa katikati. Picha iliyochapwa chini ya utando wa kioo huvumilia yote hayo, ilhali rangi iliyopakwa juu yake hubanduka mapema. Mwingine atasema picha ni sanaa, na bila nakala safi hatutajua rangi zake za asili. Ni kweli, na makumbusho yanapaswa kuwa nazo. Hata hivyo, rangi iliyovuka mstari, ambayo wengi huihesabu kuwa kasoro, nayo ni habari: ni ya mkono uliofanya kazi kwa haraka ili chombo kiuzwe rahisi. Mkono huo ungeweza kuwa wa mtoto. Samuel Scriven, aliyekagua viwanda vya vyombo vya Staffordshire kwa niaba ya serikali karibu na mwaka 1841, aliwakuta watoto humo, wakiwamo wavulana waliokimbiza kalibu zenye udongo mbichi hadi vyumba vyenye joto kali. Sheria ya viwanda iliwafikia mwaka 1864 tu. Kwa hiyo sahani moja huenda ilipitia mikono ya watoto wawili, mmoja kiwandani na mwingine mezani, na wa kwanza hakuandikwa popote juu yake.