Wiki Tatu za Mwisho: Watoto Wetu na Mchezo wa Kiswahili London



Wazazi kadhaa walioko Muscat na Dubai wameniuliza: watoto wao wanaosoma London hufanya nini hasa mpaka saa nne usiku kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wa saa mbili? Suali hilo ni la haki, maana ada si ndogo na mitihani haingoji. Mimi ni karani mstaafu. Mambo ya jukwaani niliyapata skuli ya misheni, tulikokuwa tukicheza Shakespeare kwa Kiingereza. Mwaka juzi wanafunzi wa hapa waliniomba niwaongoze katika Juliasi Kaizari. Nitaeleza kazi ya wiki tatu za mwisho, kwani hapo ndipo mchezo hupona au hufa.

Tafsiri hiyo ni ya Mwalimu Nyerere. Aliitoa mwaka 1963, akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969, mwaka ule ule wa Mabepari wa Venisi. Mwalimu alifia hapa hapa London, tarehe 14 Oktoba 1999, katika hospitali ya St Thomas', kando ya mto Thames. Ukiufuata mto kwa upande huo huo kuelekea mashariki utafika ukumbi wa Globe. Hapo, Aprili 2012, waigizaji kutoka Kenya walicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili, katika tamasha la michezo 37 kwa lugha 37. Kwa hiyo watoto wetu walikuwa wanapita njia iliyokwisha fyekwa.

Wiki ya kwanza ni ya kuweka kitabu chini. Tarehe hutangazwa mapema, na ikifika hakuna anayeshika karatasi. Mtu mmoja hukaa pembeni na kitabu. Mwigizaji akikwama, humnong'oneza neno moja tu. Siku hiyo huwa mbaya kila mara, na faida yake ni kuonyesha nani ameelewa na nani amekariri tu.

Kwetu ilimwonyesha kijana wetu wa Antony, aliyezaliwa na kukulia Muscat. Alisema hotuba ya mazishi bila kukosa neno, lakini kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Aliishika kwa sikio, kutoka sauti aliyorekodiwa na shangazi yake. Wenzake wakataka nafasi apewe kijana wa Dar es Salaam, ambaye Kiswahili kwake ni maji. "Babu, zimebaki siku 19," waliniambia. Tiketi zilikuwa zimeuzwa na ukumbi umelipiwa.

Nilikataa. Kumbadilisha mtu mmoja wakati huo ni kuwavuruga wote waliozoea kusimama na kujibizana naye. Tena, kama mchezo wa Kiswahili hauna nafasi kwa mtoto ambaye lugha inamponyoka, tunaucheza kwa ajili ya nani? Nikamwambia aache kitabu, anieleze kwa Kiswahili cha nyumbani kwao Antony anataka nini kwa wale watu. Akafikiri. "Anataka wakasirike, lakini bila ya kuwaambia wakasirike." Kila jioni, nusu saa, tulifanya hivyo kwa kila kipande: kwanza maneno yake, kisha maneno ya Mwalimu.

Wiki ya pili mchezo huchezwa mzima kila usiku bila kusimamishwa. Mwongozaji hunyamaza na kuandika. Nilitumia daftari kama la ofisini: jina, ukurasa, kasoro, siku iliyorekebishwa. Hakuna aliyepewa zaidi ya masahihisho matatu kwa usiku, maana ya nne huisahaulisha ya kwanza. Mwisho wa wiki hiyo mlango wa mabadiliko hufungwa.

Wiki ya tatu ni ya taa, sauti na mavazi. Katika zoezi la taa mchezo hauchezwi. Mnaruka kutoka ishara moja hadi nyingine, na waigizaji husimama saa nyingi bila kuigiza. Ndizo siku wanazochelewa kurudi. Vijana walitaka kila mstari utafsiriwe kwenye skrini. Tuliiga Globe ya 2012: muhtasari mfupi wa kila onyesho, ili macho yabaki kwenye nyuso. Baada ya zoezi la mwisho la mavazi, mchezo ni wa msimamizi wa jukwaa na waigizaji. Mwongozaji huenda akakaa na watazamaji.

Usiku wenyewe Antony aliruka mistari miwili. Hakusita, aliunganisha kwa maneno yake, akarudi njiani. Bibi yake, aliyesafiri kutoka Muscat, hakujua kuwa kuna kilichoruka.

Basi mzazi, mtoto akikuambia ameingia katika mchezo, mwombe ratiba ya wiki hizo tatu mapema, muilinganishe na mitihani. Akikupigia simu, usimuulize ameshika mistari mingapi. Muulize yule anayemwigiza anataka nini, umwache ajibu kwa Kiswahili alicho nacho. Na akikosea, usimcheke.