MZIGO MWEPESI HUOKOA MIGUU

Ndugu mfanyakazi, mama wa nyumba, na ninyi vijana,

Wakati wa kiangazi, mvua ikiisha na njia zikikauka, wengi wanapenda kutumia siku za konje kwa kutembea mbali. Wengine wanakwenda kuona ndugu kijijini. Wengine wanapanda Kundelungu, kule katika Parki iliyoundwa mwaka 1970, ili waone maporomoko ya Lofoi, ambako maji yanaanguka zaidi ya mita 300. Ni jambo zuri. Kutembea kunaimarisha moyo na mapafu, na watoto wanajifunza inchi yao. Lakini ajali haijui konje.

Chukua mfano huu. Baba mmoja anajaza mfuko wake sufuria kubwa ya chuma, muhogo mbichi, mikebe ya nyama, chupa za vinywaji na bulangeti mbili. Kilo 25! Asubuhi anacheka. Saa sita magoti yanatetemeka. Jua likielekea kuzama, anateremka kwenye mawe, mguu unateleza, kifundo kinageuka. Hapo hakuna kapita wa kumwita wala gari la wagonjwa. Nani atambeba? Ajali ile haikuanza kwenye jiwe. Ilianza nyumbani, alipokuwa akifunga mzigo.

PIMA KABLA YA KUFUNGA

Ukiwa na uzito wa kilo 60, mzigo wako usipite kilo 12, maana yake sehemu moja ya tano ya mwili wako. Mtoto abebe kidogo zaidi: triko yake na maji yake yatosha. Weka kila kitu chini, kipime kimoja kimoja, kama vile unavyokagua taa na kofia kabla ya kushuka chini ya ardhi. Kwa safari ya siku 3 na usiku 2, hesabu inaweza kuwa hivi:

Mfuko wenyewe, kilo 1. Bulangeti moja, kilo 1 na nusu. Kipande cha nailo cha kujikinga na umande na mvua, gramu 500. Triko na soksi za kubadili, kilo 1. Sufuria ndogo, kijiko, kisu na kiberiti, gramu 700. Tochi, bendeji na dawa, gramu 500. Chakula kikavu, gramu 700 kwa siku, ni kilo 2 na gramu 100. Maji litre 3, ni kilo 3. Jumla: kilo 10 na gramu 300.

Mama, hapa akili yako inatakiwa. Muhogo mbichi, zaidi ya nusu yake ni maji; unga wa bukari ni mwepesi na unashibisha. Ndakala kavu, karanga za kukaanga, sukari na chumvi vinatoa nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Mikebe ibaki nyumbani.

Usifikiri kwamba kutembea na mzigo mwepesi kunataka vitu vya bei. Mwaka 1955, huko Marekani, mama mzee wa miaka 67, Emma Gatewood, alitembea peke yake njia ndefu ya milima ya Appalachian, zaidi ya kilometa 3,200. Mfuko wake aliushona mwenyewe, akaubeba begani. Alivaa viatu vyepesi vya nguo na mpira. Lakini jua na hili: mwaka uliotangulia alijaribu akashindwa. Alipotea, miwani yake ikavunjika, na walinzi wa msitu wakamwambia arudi nyumbani. Alikubali kurudi, na ndiyo sababu aliweza kujaribu tena.

VIATU

Usivae botini za kazi zenye chuma mbele. Zimefanywa kuzuia jiwe lisiponde vidole, hazikufanywa kwa mwendo wa siku nzima. Uzito wa miguuni unachosha mara nyingi kuliko uzito uleule mgongoni, na ukiteremka, vidole vinapiga chuma kile mpaka kucha zinakufa. Tena zinaleta vumbi la kazi kati ya watoto. Vaa viatu vyepesi vyenye soli inayoshika, ulivyokwisha kuvizoea. Kiatu kipya ni malengelenge. Ukisikia mguu unawaka, simama palepale, ufunge bendeji. Usingoje mpaka ngozi itoke.

VISIVYOACHWA

Sasa sikiliza vizuri. Kupunguza mzigo ni kuacha kinachochosha. Kinachookoa hakiachwi hata siku moja.

Maji. Ya mtoni yachemshe mpaka yatokote vizuri, hata kama yanaonekana meupe.

Triko kavu. Katika mwezi wa 6 na wa 7, usiku wa nyanda za juu za Katanga baridi inaweza kushuka chini ya digri 10. Shati lenye jasho linaiba joto la mwili. Ukifika, libadili kwanza, kisha pumzika.

Tochi. Hata kama umesema utarudi mchana.

Chandarua na dawa ambazo muganga amekuandikia. Mbu hawana konje.

Nyoka akiuma, usikate, usinyonye damu, usifunge kamba kwa nguvu. Usitegemee jiwe jeusi, hata kama jirani analisifu, halitoi sumu. Toa pete na viatu, tuliza mguu ao mkono kwa kijiti na kitambaa usitikisike, kisha mgonjwa abebwe upesi hospitalini. Ndiyo maana hatutembei peke yetu.

HESABU YA SAA

Mwaka 1892, William Naismith wa Scotland alitoa kanuni ambayo inatumika mpaka leo: saa 1 kwa kila kilometa 5, na ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo kilometa 10 zenye mita 600 za kupanda ni saa 3, bila kupumzika. Ukiwa na watoto, ongeza tena. Ikiwa hesabu inakupeleka gizani, anza mapema ao fupisha safari.

Kabla ya kuondoka, uliza habari za njia na usalama, na parkini pata ruhusa ya walinzi wa ICCN. Mwisho wa kiangazi uliza pia habari za moto wa porini. Kisha mwambie mtu anayebaki: tunakwenda pale, tuko watu kadha, tutarudi siku fulani. Kazini hakuna anayeshuka shimoni bila jina lake kujulikana juu. Porini iwe vilevile.

Jumamosi hii, toa mfuko wako, uweke kwenye mizani. Ukipita kiasi, ondoa. Halafu pima tena.

Usalama kazini, usalama na njiani. Safari njema!