Tumpeleke Chekechea au Tungoje Mwaka Mmoja?

Kila mwaka unapokaribia kwisha na shule zinapoandikisha watoto wa Januari, swali hili huzuka katika nyumba nyingi. Mtoto ametimiza miaka 5, lakini ni mdogo wa umbo, au hasemi sana, au hulia akiachwa na mama yake. Baba anataka aandikishwe, bibi anasema, "Mwacheni akue kwanza." Nani asikilizwe?

Kwanza tukumbushane taratibu. Hapa Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitaka mtoto apate elimu ya awali kwa muda usiopungua mwaka mmoja, akiwa kati ya miaka 3 na 5. Toleo la 2023 la sera hiyo linaweka miaka 6 kuwa umri wa kuanza darasa la kwanza. Kwa hiyo anayebaki nyumbani akiwa na miaka 5 ama atachelewa darasa la kwanza, ama ataingia humo bila kupita shule ya vidudu. Hilo la pili ndilo baya zaidi.

Wengi wetu tulipimwa kwa sikio. Mkono wa kulia ulipitishwa juu ya utosi, nawe ukigusa sikio la kushoto ulihesabiwa kuwa umefikia umri wa shule. Kipimo hicho kilisaidia pale ambapo tarehe ya kuzaliwa haikujulikana, lakini kinapima urefu wa mkono tu; akili hakiioni. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini walikutwa na udumavu, yaani wafupi kuliko umri wao. Mtoto wa namna hiyo akirudishwa nyumbani kwa sababu ya umbo, anapunjwa mara mbili. Alikosa lishe ya kutosha, sasa anakosa na mafunzo. Angalieni tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki.

Ni kweli miezi ina uzito katika umri huu. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka uleule hutofautiana miezi 11, na kwa mtoto wa miaka 5 hiyo ni karibu sehemu moja ya tano ya maisha yake yote. Uchunguzi wa nchi mbalimbali umeonyesha kwamba walio wadogo darasani huitwa watukutu wasiotulia mara nyingi zaidi, hata kuandikiwa dawa. Lakini tofauti ya masomo hupungua kadiri miaka inavyopita. Mwalimu mwenye subira humfaa mtoto huyo kuliko mwaka wa kukaa uani.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni mtoto ambaye kweli yuko nyuma, na wazazi wanangoja tu. Kufikia miaka 4 mgeni anapaswa kuelewa sehemu kubwa ya maneno ya mtoto. Kama wa miaka 5 haeleweki, kungoja si dawa. Huenda hasikii vizuri. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara huharibu usikivu polepole, na mtoto mwenyewe hajui kulalamika. Simameni nyuma yake hatua chache, mtajieni vitu kwa sauti ya chini, ayarudie maneno. Kisha mfunikeni jicho moja, ataje kitu kilicho mbali uani, halafu jicho la pili. Akikataa kabisa kufunikwa jicho moja, huenda ndilo pekee analolitegemea. Makengeza hutibika vizuri zaidi kabla ya miaka 7. Na mkiona weupe ndani ya mboni, nendeni hospitali bila kuchelewa. Hata kama majaribio haya hayaonyeshi kitu, mpelekeni apimwe.

Kukojoa kitandani usiku si sababu ya kumzuia, kwa kuwa watoto wengi wa miaka 5 bado hukojoa. Kulia siku za kwanza ni kawaida. Mwenye kifafa anayetumia dawa naye asome, mradi mwalimu aelezwe la kufanya akianguka.

Je, kungoja hakufai kamwe? Kunafaa mara nyingine. Mtoto aliyezaliwa Desemba, miezi 2 kabla ya wakati wake, alitazamiwa Februari. Kumpa mwaka mmoja ni haki. Vilevile aliyetoka kuugua kwa muda mrefu, au ambaye shule iko ng'ambo ya mto unaofurika wakati wa masika na hana wa kumsindikiza.

Lakini mwaka huo uwe na kazi. Mtoto anayeachwa kubeba mdogo wake mgongoni na kuchota maji hatakuwa tayari zaidi Januari ijayo. Asimuliwe hadithi na azisimulie yeye, ahesabu maharage yanapochambuliwa, ategewe vitendawili, acheze na wenzake, ajifunze kwenda chooni na kunawa mwenyewe. Na ile kadi ya kliniki msiitupe kwa kuwa chanjo zimekwisha. Mganga ataitaka siku mtakayompeleka kupimwa masikio.