Mmekodi nyumba ya wawili Watamu? Chakula cha jioni kinaanzia ufuoni

Picha mmeiona kwenye simu: kitanda chenye neti, jiko dogo, veranda ya makuti na bahari hatua chache tu mbele. Mkigawana bei wewe na mwenzako, ni nafuu kuliko hoteli. Hakuna kiamsha kinywa wala mpishi. Mtajipikia.

Wengi huona hapo ndipo penye kasoro. Lakini ukifika Watamu, Mayungu, Uyombo ama Takaungu, jiko hilo ndilo litakalokutoa chumbani asubuhi na kukukutanisha na wenyeji. Ukibeba kila kitu kutoka supamaketi ya mjini, utarudi Nairobi na picha za bahari tu, na kijiji kilichokupokea hakitakuwa kimeona shilingi yako.

Kabla hujatuma pesa

Usitume pesa kwa sababu ya picha. Mwombe mwenye nyumba akupigie simu ya video akuzungushe ndani, kisha atoke nje uone njia. Muulize maswali ya jikoni: gesi ipo? Friji inafanya kazi? Tokeni za stima ni za nani? Maji ya mfereji ni matamu ama ya chumvi? Sehemu nyingi za pwani hii maji ya kisima yana chumvi, na chai yake hutaipenda. Anayekwepa maswali haya na kukuharakisha ulipe, achana naye.

Ukitoka Mombasa, matatu ya Malindi itakushusha Gede, kisha tuktuk ikufikishe Watamu. Hapo Gede kuna magofu ya mji wa kale wa Waswahili, ambayo UNESCO iliyatia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Tenga nusu siku, hutajuta.

Bahari ina ratiba yake

Kaskazi huvuma kuanzia karibu Novemba hadi Machi. Bahari hutulia, samaki huwa wengi, na Desemba nyumba hujaa na bei hupanda. Kusi hushika kuanzia Aprili hadi karibu Septemba. Upepo ni mkali, mvua ya masika huja, na nyumba hushuka bei.

Sasa fikiria upande wa pili. Miezi ile unayofurahia bei nafuu ndiyo ile ambayo mwenye ngalawa ama mtumbwi anashindwa kutoka nje ya mwamba. Samaki ni wachache na bei yake iko juu. Ukiambiwa bei iliyokushtua mwezi Juni, usikimbilie kusema umeonekana mgeni. Huenda ni kusi tu.

Jifunze pia maji. Kila siku hujaa na kupwa mara mbili, na saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hupwa mbali sana na kurudi kwa nguvu. Usitembee hadi miambani bila kumuuliza mwenyeji saa ya kurudi.

Ukifika kwenye samaki

Salimia kwanza. "Shikamoo" kwa mzee, "habari za asubuhi" kwa wengine, na uvae nguo, si vazi la kuogelea. Wengi hapa ni Waislamu, na Ijumaa wavuvi wengi hawaendi baharini, kwa hivyo nunua Alhamisi.

Samaki hupimwa kwa kilo. Kwa watu wawili, changu mmoja wa wastani ama tafi wachache wanatosha. Kabla ya kubishana sana, kumbuka pesa hizo hugawanywa: kwa kawaida mwenye chombo ana fungu lake, kisha mabaharia wanagawana kinachobaki.

Kuna vitu vya kukataa. Kamba mawe mwenye mayai, mwache. Kasa haliwi, ni kosa la jinai. Na ndani ya mbuga za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, hakuna kuvua wala kuokota makombe.

Hujui kupaa samaki? Mlipe kijana wa hapo ufuoni, atakutolea magamba na matumbo upesi. Na siku mkichoka kupika, mtafuteni mama karanga. Ndiye mwanamke anayenunua samaki wadogo kwa wavuvi, akawakaanga na kuwauza kando ya njia. Kwake mtakula vizuri, na mtoto wake naye atapata karo.

Jikoni wawili

Nunueni nazi mbili. Mmoja akae kwenye mbuzi akune, mwingine achome samaki juu ya makaa. Tui zito, ndimu, pilipili, kitunguu saumu: mpake samaki, mrudishe motoni, mpake tena. Hapo ndipo utamjua mwenzako. Hotelini kila mtu ni mpole, kwa sababu anaosha vyombo mtu mwingine. Hapa stima ikipotea wali ukiwa jikoni, utaona nani anacheka na nani ananuna.

Kesho yake mkishuka ufuoni, yule aliyewauzia samaki atauliza kama alikuwa mtamu. Hapo hamtakuwa tena watalii wa kupita. Mjibuni, kisha mnunue mwingine.