Sweta hufumwa kabla ya baridi



Pasaka imepita, na mvua za masika bado zinanyesha Karatu. Mahindi yamefika kiunoni, maharage yamefunika ardhi, na udongo mwekundu unanasa kwenye viatu vya kila anayekwenda ibadani. Ni kipindi cha kazi nyingi: kupalilia, kuzibua mitaro, kuwahi kliniki, kuwahi mazoezi ya kwaya. Katikati ya shughuli hizo utamwona mama ameketi kwenye benchi akisubiri zamu yake, mikononi ana sindano mbili na donge la uzi. Anafuma. Foleni ikichelewa, anafuma. Mvua ikimzuia chini ya kibaraza cha duka, anafuma.

Katika nchi za Ulaya, miezi hii ni majira ya kuchipua. Baridi yao imeondoka, na wengi wanaofuma huweka sindano kando. Kwetu kaskazini ni kinyume. Baridi yetu haijafika. Iko mbele, Juni, Julai na Agosti. Ndiyo maana yule mama hafumi kwa sababu anasikia baridi leo. Anafuma kwa sababu anaijua Julai.

Ukitaka kuielewa baridi hiyo, panda gari kutoka Mto wa Mbu. Pale chini, karibu na Ziwa Manyara, uko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na shati jepesi linatosha. Barabara inapanda ukuta wa Bonde la Ufa, unapita Rhotia, unafika Karatu mjini kwenye mita 1,500 hivi. Endelea hadi lango la Lodoare, kisha panda msituni mpaka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi. Kwa kawaida hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Ongeza ukungu unaoletwa na upepo wa kusini mashariki, utaelewa kwa nini mgeni aliyevaa kaptura hukimbilia begi lake kutafuta sweta.

Mgeni ana begi. Lakini wapo wanaoishi huko. Yupo mtoto wa darasa la kwanza anayetoka nyumbani kabla jua halijachomoza, akiwa na sare nyepesi. Yupo kijana anayechunga ng'ombe kwenye nyasi zilizolowa umande. Yupo bibi anayelala kwenye chumba ambacho upepo unaingia kwa mlango na kutoka kwa dirisha. Na yupo mtoto mchanga.

Tusimame kidogo kwa huyo mtoto mchanga. Joto la kawaida la mwili wake linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Anazaliwa akiwa amelowa, mwili wake ni mdogo, na joto linamtoka haraka kuliko linavyomtoka mtu mzima. Ndiyo maana wakunga humkausha mara moja, humlaza kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, humvalisha kofia na soksi, na hushauri asiogeshwe siku ile ya kwanza. Kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, njia hii ya kubebwa kifuani, inayoitwa huduma ya kangaruu, ilianzia Bogota, Colombia, mwaka 1978. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisisitiza ianze mara tu baada ya kuzaliwa. Kifua cha mama ndicho kinachotoa joto. Kofia na soksi zinasaidia joto hilo lisipotee.

Na hivyo ndivyo sweta linavyofanya kazi kwa kila mtu. Lenyewe halina moto. Vitanzi vyake vinashika hewa, na hewa hiyo inazuia joto la mwili lisitoke. Uhai na joto ni vya Mungu, yeye ndiye aliyeviweka ndani ya mtu. Sisi tumepewa kazi ndogo zaidi lakini ya lazima: kulinda kile alichokitoa.

Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anatoa mfano ambao ungeweza kuandikwa Karatu. Ndugu au dada hana nguo wala chakula cha siku. Mwenzake anamwambia maneno mazuri, anamtakia amani na kumwambia akaote moto na kushiba, kisha anaondoka bila kumpa kitu. Yakobo anauliza, yamemfaa nini? Angalia kwamba yule mtu hakutukana wala hakumfukuza mwenzake. Alimtakia heri. Kosa lake ni kwamba heri yake haikuwa na mikono. Ndugu yangu, ni mara ngapi tumemwambia mtu "pole na baridi" huku tumevaa masweta mawili?

Tujifunze basi kwa anayefuma. Jambo la kwanza ni kuanza mapema. Sweta la mtu mzima ni maelfu ya vitanzi. Kuna mgongo, kuna kifua, kuna mikono miwili, kisha yote yaunganishwe. Mtu mwenye shamba na watoto hawezi kulimaliza kwa siku moja, linamchukua majuma. Akianza siku baridi inapobisha hodi, atalimaliza baridi imeshaondoka. Mwanamke hodari wa Methali 31 anatafuta sufu na kitani mwenyewe, na theluji inapokuja hana hofu kwa ajili ya nyumba yake, kwa maana wote wamekwisha kuvikwa. Utulivu wake wa siku ya theluji ulitengenezwa siku ambazo theluji haikuwapo.

Kwetu hata sufu yenyewe inahitaji mpango. Kondoo wa asili wa Wamasai wana manyoya mafupi kama nywele, si wa kukatwa sufu. Kwa hiyo mama wa Karatu ananunua uzi dukani, au anatafuta sweta la mtumba lililochakaa na kulifumua. Asiye na sindano za dukani huweza kunoa spoku za baiskeli. Umaskini haujawahi kuwa sababu ya mwisho ya kutofuma.

Jambo la pili ni kipimo. Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya pili, kinasimulia kwamba Hana, baada ya kumtoa mwanawe Samweli amtumikie Bwana kule Shilo, alikuwa akimtengenezea kanzu ndogo na kumpelekea mwaka hata mwaka alipopanda kutoa dhabihu. Fikiria hilo kama mzazi. Mtoto haishi naye. Kila mwaka amekua, na Hana hana mtoto wa kumpima pale nyumbani. Ilimpasa amfikirie: mabega yatakuwa yamefika wapi, mikono itakuwa na urefu gani? Kila kanzu ilikuwa sala yenye vipimo.

Hapa ndipo misaada yetu mingi inaposhindwa. Tunakusanya nguo tusizozitaka, tunazifunga kwenye gunia, tunapiga picha na kuondoka. Mtoto wa miaka saba anapata koti la mtu mzima, bibi anapata blauzi ya disko. Anayefuma hawezi kufanya hivyo. Ni lazima amjue mtu. Ni lazima amwite, amzungushie kamba kifuani, amuulize darasa. Na kwa mtoto, mfumaji mwenye busara huongeza urefu kidogo kwenye mikono, maana anatazamia mtoto atakua. Kumpa mtu msaada unaomwachia nafasi ya kukua ni hekima ambayo si ya sindano peke yake.

Utauliza, kwa nini tufume wakati mitumba ipo na bei yake ni nafuu? Hakuna aibu katika mtumba. Mtumba safi uliochaguliwa kwa ajili ya mtu fulani, kwa kipimo chake, na kumfikia kabla ya Juni, umefanya kazi ya upendo. Lakini kumbuka pia kwamba kufuma ni riziki. Yuko mjane katika jumuiya yako anayelipa ada kwa sindano zake. Ukimwagiza sweta la shule, usimlalie kwenye bei kwa sababu tu ni mama wa kanisani. Mlipe stahili yake, na umlipe kwa wakati.

Jambo la tatu ni kutengeneza palipoharibika. Kitanzi kimoja kikiponyoka na kuachwa, kinavuta cha chini yake, na hicho kinavuta kingine, mpaka sweta zima linakuwa na mfereji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfumaji akiona kitanzi kimeponyoka, hasubiri. Anasimama, anakifuata kilikoshukia, anakipandisha safu kwa safu. Jumuiya zetu zinafumuka vivyo hivyo. Mtu mmoja anakosa ibada majuma mawili, hakuna anayekwenda kumwona. Baada ya miezi sita tunashangaa kwamba nyumba nzima haionekani.

Na kama sweta lote limechakaa? Mfumaji halitupi. Analifumua, uzi unatoka umejikunja, anaulowesha kwenye maji, anauning'iniza ukiwa na uzito kidogo mpaka unyooke. Kisha anaanza upya, na uzi ule ule unakuwa soksi za mtoto. Msomaji ambaye maisha yako yamefumuliwa mwaka huu, kwa msiba, kwa ndoa iliyovunjika, kwa shamba lililosombwa na maji, usidhani kwamba mkono unaokushika umekutupa. Huenda sasa unanyooshwa.

Lakini tafakari hii haitakuwa ya kweli tukizungumzia kuvika tu, tukanyamazia kuvua. Sheria ya Musa, katika Kutoka 22 na tena katika Kumbukumbu la Torati 24, inamwagiza mkopeshaji aliyechukua vazi la maskini kuwa rehani alirudishe kabla ya jua kuchwa. Sababu inatolewa wazi: hilo ndilo analojifunika, atalala na nini? Na Mungu anaongeza kwamba maskini huyo akimlilia, atamsikia. Mungu wa Biblia anajua kwamba usiku kuna baridi.

Leo tunayo mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mama anakopa kidogo ili anunue mbolea au amlipie mtoto ada, riba inapanda kila juma, na siku akishindwa, wanakuja kuchukua godoro na mablanketi. Wengine wanaokwenda kuchukua godoro hilo Jumamosi, Jumapili wako kwenye kiti cha mbele. Ikiwa wewe ni mmoja wao, neno lako leo ni fupi: jua halijachwa. Rudisha blanketi la mwenzako kwanza, halafu mzungumze habari ya deni.

Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert huko London ipo jozi ya soksi nyekundu za sufu zilizofukuliwa Misri, mahali palipokuwa mji wa kale wa Oxyrhynchus. Zinakadiriwa kuwa za kati ya mwaka 250 na 420 baada ya Kristo, karne zile alizoishi Mtakatifu Antoni wa Misri, baba wa watawa. Zilitengenezwa kwa sindano moja, na mbele zimegawanywa ili mvaaji aweze kuvaa ndara zake. Jina la aliyezitengeneza limepotea, lakini kazi yake bado ipo. Mtu fulani katika Afrika hii alifikiria mguu wa mwenzake, akafikiria hata ndara zake.

Jina la Dorkasi wa Yafa, kwa neema ya Mungu, halikupotea. Matendo ya Mitume sura ya tisa inasema alijaa matendo mema na sadaka. Alipofariki, Petro alipofika ghorofani, wajane walimzunguka wakilia. Hawakumsomea wasifu. Walimwonyesha kanzu na mavazi aliyowatengenezea alipokuwa pamoja nao. Kila mjane alikuwa na ushahidi mkononi. Kisha Petro akapiga magoti, akaomba, na Mungu akamrudishia Dorkasi uhai.

Siku yetu itakapofika, wasifu utasomwa, na mara nyingi wasifu una huruma. Lakini waliobaki watakuwa na nini mkononi cha kuonyesha?

Mpendwa, kutoka leo hadi Juni kuna majuma machache tu. Katika jumuiya yako au mtaa wako, uliza majina, si idadi: ni mtoto gani hana sweta, ni mzee gani hana blanketi, ni mama gani anakaribia kujifungua na hana kofia wala soksi za kichanga? Anayejua kufuma afundishe binti mmoja, na kijana mmoja pia, maana sindano haziulizi jinsia. Asiyejua anunue uzi. Asiye na fedha ya uzi apeleke kipimo kwa anayefuma. Gawaneni majina kama mnavyogawana zamu za kufagia kanisa, na Jumapili ya mwisho ya Mei kila mmoja aseme amefikia wapi.

Mungu aliyewashonea Adamu na Hawa mavazi ya ngozi kabla ya kuwatoa bustanini, akijua ugumu uliokuwa mbele yao, atupe na sisi jicho la kuiona baridi ya mwenzetu kabla haijafika. Amina.

Jumapili njema.