UZI: Serikali inaweza kuua ng'ombe wako kwa sababu ya TB? Na nani atalipa?

1/ Kampeni zikifika maeneo ya wafugaji, kuna ahadi mbili huwa hazikosi. Ya kwanza: "Tutamaliza magonjwa ya mifugo." Ya pili: "Hakuna mtu atagusa ng'ombe wa mwananchi." Mara nyingi zote mbili zinatoka kwa mdomo mmoja, jukwaa moja, kabla hata spika zizimwe.

Leo nataka tuone kwa nini ni vigumu kutimiza zote mbili pamoja. Mfano wetu ni kifua kikuu cha ng'ombe.

Kanuni ni ile ile ya siku zote: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Ukileta kwenye majibu nitapita tu.

2/ Kwanza nikiri upande wangu. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwa ng'ombe watatu wa shosho. Maziwa ya asubuhi yalikuwa ya kuuza, ya jioni yalikuwa yetu. Kwa hivyo mtu akisema "ng'ombe mgonjwa achinjwe tu, sheria ni sheria," mimi nasikia tofauti kidogo.

3/ Wakati mmoja jirani yetu alikuwa na ng'ombe anayekohoa. Anakula vizuri lakini anakonda, mbavu zinahesabika. Jirani hakuita daktari wa mifugo. Aliita broka. Siku ya soko ng'ombe akapakiwa kwa pikapu, akaenda.

Hatukuwahi kujua alikuwa anaumwa nini. Labda TB, labda kitu kingine. Shikilia hiyo hadithi, tutairudia.

4/ Sasa ugonjwa wenyewe, haraka haraka. TB ya ng'ombe inaletwa na bakteria anayeitwa Mycobacterium bovis, ndugu wa karibu wa yule anayeleta TB nyingi za binadamu. Ng'ombe anaambukiza mwenzake hasa kwa pumzi, ndiyo maana zizi lenye msongamano ni shida. Binadamu anaipata zaidi kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kukaa karibu sana na mnyama mgonjwa.

Habari njema: kuchemsha maziwa kunaua huyo bakteria. Habari mbaya: kati ya dawa nne za kawaida tunazoanza nazo kutibu TB ya binadamu, huyu bakteria kwa asili yake hasikii moja, pirazinamaidi. Kwa hivyo si ugonjwa wa kusema "aah, ni wa wanyama."

5/ "Si wampe ng'ombe dawa?" Swali zuri. Matibabu ni ya miezi mingi, ni ghali, na ukitumia hizo dawa ovyo kwa mifugo unazalisha usugu utakaomrudia binadamu. Nchi nyingi haziruhusu.

"Chanjo je?" Ile sindano ya BCG ambayo watoto wetu hupewa wakizaliwa imetengenezwa kutokana na huyu huyu bakteria wa ng'ombe. Inaweza kumsaidia ng'ombe kiasi. Shida ni kwamba ng'ombe aliyechanjwa anaweza kuonekana mgonjwa kwenye kipimo cha kawaida, na hapo mfumo mzima wa upimaji unavurugika.

6/ Ndiyo maana nchi zilizopigana na TB ya ng'ombe kwa sheria zimetumia silaha karibu zile zile tano:

– Lazima uripoti mnyama unayemshuku.
– Lazima ng'ombe wapimwe.
– Hakuna kuhamisha mifugo bila kibali.
– Mnyama aliyepatikana nao anachinjwa.
– Mwenye ng'ombe analipwa fidia.

Nne za kwanza zinamwongezea mfugaji mzigo. Ya tano pekee ndiyo inampunguzia. Ebu kisia ni ipi huwa ya kwanza kukatwa bajeti ikibana.

7/ Kipimo chenyewe: ng'ombe anadungwa kitu kinaitwa tubakulini kwenye ngozi ya shingo, kisha baada ya saa 72 daktari anarudi kupima kama ngozi imevimba. Ndiyo, lazima arudi. Kwa hivyo mwanasiasa akisema "tutapima ng'ombe wote," mahesabu yake ni safari mbili kwa kila boma, si moja. Na kipimo si kamili: kuna ng'ombe wagonjwa watapita, na kuna wachache wazima watanaswa.

8/ Sasa Kenya. Tuna Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, ambayo mizizi yake ni ya miaka ya 1960. Inamtaka mwenye mnyama mgonjwa amtenge na atoe taarifa. Inampa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo nguvu za kutangaza eneo kuwa limeambukizwa na kufunga usafirishaji wa mifugo. Wafugaji tunaiita karantini, na anayejua soko la mifugo likifungwa miezi mitatu anajua hilo neno lina uchungu gani.

Kuna pia Sheria ya Udhibiti wa Nyama, ambayo ndiyo inamweka mkaguzi kwenye kichinjio. Akikata mapafu na tezi akaona vidonda vya TB, ana mamlaka ya kuitupa nyama hiyo, sehemu au yote kulingana na ugonjwa umeenea kiasi gani.

9/ Lakini hatuna mpango wa kitaifa wa kupima kila ng'ombe TB na kuchinja wagonjwa. Kinga yetu kubwa ni mkaguzi wa kichinjio na sufuria ya mama jikoni. Chai yetu ya maziwa imetuokoa kuliko sera nyingi. Ila si kila mtu anachemsha, na kuna jamii ambazo maziwa mabichi au ya kugandisha ni chakula cha kila siku na cha heshima. Huwezi kuwatungia sheria kwa kuwadharau.

10/ Hapa ndipo Katiba ya 2010 inaingia, na inaingia kutoka pande mbili.

Kifungu cha 40 kinasema Serikali haiwezi kukunyang'anya mali kwa manufaa ya umma bila sheria inayotaka ulipwe fidia ya haki, kamili na kwa haraka, na yenye kukupa nafasi ya kwenda kortini. Ng'ombe ni mali.

Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, na ya chakula cha ubora unaokubalika. Kifungu cha 46 kinamlinda mnunuzi. Mtoto anayekunywa maziwa ya huyo ng'ombe ana Katiba yake pia.

11/ Kwa hivyo ukisikia "kuchinja ng'ombe wa mtu ni kinyume cha Katiba," jibu ni: si lazima. Haki ya mali si ukuta. Na ukisikia "ni afya ya umma, hakuna fidia," jibu ni: hapo pia taratibu. Ubishi wa kweli ni kwenye bei. Je, unalipwa thamani ya ng'ombe mzima, au ya ng'ombe mgonjwa ambaye kisheria huwezi kumuuza? Tofauti ya hayo majibu mawili ni karo ya mwaka mzima.

12/ Halafu nani analipa? Jedwali la Nne la Katiba limeiachia Serikali ya kitaifa sera ya mifugo, lakini udhibiti wa magonjwa ya wanyama, vichinjio vya kaunti na masoko ya mifugo ni kazi ya kaunti. Yaani anayeandika sera yuko Nairobi, anayetakiwa kuajiri daktari wa mifugo yuko kwa gavana. Fidia ikichelewa, kila mmoja ananyooshea mwingine kidole. Na ng'ombe havijui mipaka ya kaunti: kaunti moja ikipima na jirani yake ikikataa, pesa zimemwagwa.

13/ Twende Marekani, kwa sababu kuna hadithi kila mfuasi wa siasa anafaa kuijua. Jimbo la Iowa, 1931. Sheria ilikuwa imefanya upimaji wa TB kuwa lazima. Uchumi umeanguka, bei ya mazao iko chini kabisa, benki zinadai. Wafugaji wa Kaunti ya Cedar wakasema kipimo hakiaminiki na fidia haifikii ng'ombe anayepotea.

Madaktari wa mifugo walipofika na polisi, umati uliwazuia. Gavana akatangaza sheria ya kijeshi na kutuma zaidi ya wanajeshi elfu moja kusindikiza sindano. Kihistoria inaitwa Vita vya Ng'ombe.

14/ Ng'ombe walipimwa. Na huu ndio ukweli usiopendeza upande wowote: kampeni hiyo ya kitaifa, iliyoanza 1917, ilifanikiwa. Kufikia 1940 kila kaunti ya Marekani ilikuwa imeshusha TB ya ng'ombe chini ya nusu asilimia. Kisayansi, Serikali ilikuwa sawa.

Lakini wale wafugaji hawakuwa wajinga. Walikuwa wameambiwa wabebe gharama ya afya ya nchi nzima katika mwaka mbaya kuliko yote. Ukiwasoma kama "watu wanaopinga sayansi" hutaelewa chochote.

15/ Uingereza walianza tofauti. Mnamo 1935 walileta mpango wa hiari: mfugaji anayethibitisha kundi lake ni safi anapata malipo ya ziada. Kwanza kivutio, lazima baadaye. Ulazima ulianza 1950, eneo kwa eneo, na kufikia 1960 nchi nzima ilikuwa imeingizwa. Hiyo kumi na tano ya kushawishi kabla ya kulazimisha si kitu kidogo.

16/ Ila hata wao hawajamaliza. Ugonjwa ulirudi kwa nguvu, na lawama zikaenda kwa baja, mnyama wa porini anayefanana kidogo na nyegere, ambaye sheria ya 1992 inamlinda. Wakafanya jaribio kubwa la kuua baja kati ya 1998 na 2005. Matokeo: ndani ya maeneo yaliyosafishwa TB ya ng'ombe ilipungua, lakini pembezoni ikaongezeka, maana baja waliobaki walitawanyika.

Kila upande ukachukua nusu ya matokeo na kwenda nayo kwenye mikutano. Uingereza ikaanza kuua baja kwa leseni mwaka 2013. Wales ikachagua njia yake. Sayansi ile ile, siasa tofauti.

Kwetu badilisha baja uweke nyati. Huko Afrika Kusini, katika mbuga ya Kruger, TB ya ng'ombe iliingia kwa nyati na ikafika hadi kwa simba. Nchi inayoishi kwa mifugo na kwa watalii haiwezi kujifanya haya ni mambo ya Ulaya.

17/ Kesi ya mwisho, Wales 2007. Fahali aitwaye Shambo, aliyefugwa na jumuiya ya Kihindu kama mnyama mtakatifu, alipimwa akaonekana ana TB. Serikali ikaamuru achinjwe. Jumuiya ikaenda kortini kutetea uhuru wa dini, ikashinda Mahakama Kuu. Mahakama ya Rufaa ikabatilisha: haki ya kuabudu ipo, lakini kinga ya afya ya umma inaweza kuipunguza. Mwezi huo huo wa Julai akauawa.

Naitaja kwa sababu hapa kwetu kuna jamii ambako ng'ombe ni mahari, ni jina la mtu, ni ukoo. Kesi kama hiyo Kenya haitakuwa ya kuchekesha.

18/ Sasa turudi kwa jirani. Sheria tayari ilimtaka aripoti. Kwa nini alimpigia broka? Kwa sababu broka alikuwa na pesa taslimu mkononi, na sheria ilikuwa na hasara tu. Yeye alifanya hesabu ambayo mimi na wewe tungefanya tukiwa na watoto shuleni.

Halafu ng'ombe akaenda zizi lingine, labda la mtu kama shosho. Hiyo ndiyo gharama ya fidia isiyolipwa: ugonjwa haukomi, unahama kimyakimya.

19/ Kuna wanaosema fidia nzuri itawafanya watu wazembee, wangojee kulipwa. Si hoja ya kupuuzwa. Ndiyo maana nchi nyingine hupunguza malipo kwa aliyevunja masharti, kwa mfano aliyenunua ng'ombe bila kibali. Lakini kupunguzia mkosaji na kutomlipa mtu yeyote ni vitu viwili.

20/ Kwa hivyo mgombea akisimama na zile ahadi mbili, usimuulize kama anapenda wafugaji. Wote wanapenda hadi siku ya kura. Muulize:

– Fidia itakuwa kwenye bajeti ya nani, kaunti au kitaifa, na italipwa ndani ya siku ngapi?
– Bei ya ng'ombe itapangwa na nani, na nikikataa bei nalalamika wapi?
– Kaunti yetu ina madaktari wa mifugo wangapi wa kurudi baada ya saa 72?
– Karantini ikifunga soko, familia zitakula nini?
– Mama anayeuza maziwa kwa kibuyu atasaidiwa kuyafanya salama, au atafukuzwa tu barabarani?

21/ Msimamo wangu, ndio mnipige mawe vizuri: naunga mkono sheria kali, hata ya kuchinja, pale ambapo pesa ya fidia imewekwa kando kabla ya sindano ya kwanza. Kama pesa haipo, tuanze na ukaguzi wa vichinjio, kufuatilia ng'ombe mgonjwa alitoka zizi lipi, na kufundisha watu kuchemsha maziwa.

22/ Shosho bado ana ng'ombe wawili. Nilimuuliza, wakija kumpima na mmoja apatikane, atakubali? Akasema, "Wamlipe kwanza, halafu nitawashikia kamba mwenyewe."

Hoja zenu hapo chini. Mwenye amewahi kupitia karantini kaunti yake, tuambie ilikuwaje.